Leso ya Kostansia

Katika kanisa la Warundi la Louisville, mtu akiimba vizuri haachwi hivihivi. Wanawake huinuka vitini, humfuata kulekule mbele, wakamfuta jasho kwa leso huku wimbo ukiendelea. Mwimbaji hatakiwi kunyamaza wala kushukuru. Anatakiwa aendelee kuimba huku anafutwa, jambo ambalo si jepesi kama linavyoonekana, hasa mfutaji akiwa na nguvu.

Kostansia alikuwa na nguvu. Miaka yake ya kupakua maboksi ghalani ilikuwa imempa mikono ya kuheshimika na goti la kushoto lisilotaka kusikia habari za ngazi. Leso yake ilikuwa nyeupe, imepigwa pasi, na ilikaa ndani ya mkoba wa Biblia. Wanawake wengine walifuta watu kwa adabu tu: mtoto wa jirani akiimba utafanyaje, unainuka. Kostansia hakuwa na adabu ya namna hiyo. Ukiimba ovyo ulirudi nyumbani na jasho lako. Alipoinuka yeye kanisa zima lilijua kuna jambo, na waimbaji watu wazima, wenye wajukuu, walikuwa wakimtupia jicho tangu ubeti wa kwanza.

Aliwahi kumfuta mwinjilisti mgeni aliyetoka Arizona. Aliwahi kumfuta mpiga kinanda Mkongo ambaye hata hakuwa muumini wa pale, alikuja kusindikiza binamu yake. Mwanawe wa kumzaa, Medard, aliyepuliza tarumbeta katika kanisa hilo tangu hajaota ndevu, hakuwahi kumfuta hata siku moja.

Medard alijifanya hilo halimsumbui. Lilimsumbua kuliko kitu kingine chochote duniani.

Na hiyo tarumbeta yenyewe hakuichagua. Alipoanza shule Louisville, mwalimu wa muziki, mtu mwema kabisa, alisikia kwamba mtoto ni Mrundi akamkabidhi ngoma papo hapo, maana aliwahi kuona Warundi kwenye video na akaamini wanazaliwa na vijiti mkononi. Medard alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, wilaya ya Kasulu nchini Tanzania, na alichojifunza huko ni kupanga foleni ya maji na kucheza mpira wa makaratasi. Ngoma ya Kirundi aliiona mara ya kwanza kwenye video hiyohiyo ya mwalimu. Aliipiga muhula mzima. Mwalimu alisubiri damu iamke, na damu ililala fofofo. Mwishowe akampa kilichokuwa kimebaki kabatini, tarumbeta yenye bonde ubavuni, na wote wawili wakapumua.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyemsikilizisha muziki wa jazi. Medard aligundua kwamba kumbe mtu anaweza kuacha njia ya wimbo, akakata vichochoroni, akatokea upande wa pili bila kuomba radhi. Jumapili iliyofuata alilijaribu hilo kanisani. Kwaya ilinyoosha njia yake, yeye akaingia vichochoroni. Reginaldi, mwalimu wa kwaya, alidhani kijana amepotea, akaagiza aombewe. Akaombewa. Jumapili ya pili akapotea zaidi.

Halafu kulikuwa na suala la maji. Tarumbeta ikipulizwa hukusanya maji ya pumzi ndani yake, na mpulizaji hufungua kitundu cha chini akayamwaga. Medard aliyamwaga kwenye zulia la kanisa. Kiongozi wa kamati ya usafi alikuwa Kostansia, na kila baada ya ibada alionekana ameinama mahali aliposimama mwanawe, kitambaa mkononi. Kwa hiyo huwezi kusema hakuwahi kufuta chochote cha Medard.

Siku moja, wakiwa garini wanatoka kanisani, Medard alishindwa kuvumilia.

"Mama, mbona mimi hunifuti?"

Kutoka kiti cha nyuma dada yake Fides alijibu kwa Kiingereza kwamba mama anatenda haki tu. Kostansia alilifikiria swali mpaka taa za barabarani zikabadilika, na zikabadilika tena.

"Wewe hutulii," alisema. "Na mimi nina goti hili. Nikiamua niinuke, mpaka nifike pale mbele wimbo umeshahama."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini basi fulani halimfai. Lakini jibu hilo lilimchoma Medard, na kabla ya majira ya joto kwisha alikuwa amefunga begi na kuhamia Columbus.

Huko Columbus alifikia kwa Athanasi, mjomba wake, ndugu wa Kostansia, aliyepanga nyumba mtaa wa Linden na kuijaza watu kiasi kwamba mtu mmoja zaidi hakuonekana. Medard alipata kazi ya kufunga mizigo, na baada ya kuzungukazunguka akapata pia kile alichokuja kukitafuta. Mzee mmoja Mmarekani mweusi, Tolliver, alipiga piano kila Jumamosi mchana katika mgahawa wa samaki, pamoja na mpiga besi na mpiga dramu. Alimsikiliza Medard, akasema kijana ana pumzi. Medard alichukua hiyo kuwa sifa.

Sasa akawa na hoja yake, na hoja yenyewe ilikuwa hivi: mama hakumwelewa kwa sababu kanisani alikuwa amefungwa kamba. Nyimbo za kitabuni zina kuta. Apewe uwanja mpana, apulize kila alicho nacho, mama mwenyewe ataona, na goti litapona palepale. Akampigia simu amkaribishe.

Kostansia alisafiri. Athanasi, ambaye kwake jazi ilikuwa magitaa manne na watu kucheza mpaka soli zinalia, alivaa viatu vya kuchongoka na kupakia nusu ya kanisa lake kwenye gari. Waliingia mgahawani kwa mstari, wakaunganisha meza tatu za mbele bila kumuuliza mtu, wakaagiza Fanta. Baada ya salamu walikaa wima, mikono mapajani, wakisubiri ibada ianze. Medard alichungulia mkoba wa mama yake. Biblia ilikuwamo, na ncha nyeupe ya leso ilionekana.

Zamu yake ilipofika, alipuliza. Alipanda, akashuka, akapita kila kichochoro anachokijua na vingine ambavyo hakuwa na uhakika navyo. Mzunguko ulipokwisha alianza mwingine. Mzee Tolliver alimpa ishara ya kumaliza, Medard akadhani anatiwa moyo. Nyuma yake mpiga dramu, mtu wa mwili, alikuwa akibeba yote hayo mgongoni mwake mzunguko baada ya mzunguko, shati limemganda.

Ndipo Kostansia akainuka.

Medard aliona kwa jicho moja. Aliona mkono ukiingia mkobani, akaona leso ikitoka, akaona mama yake akija taratibu kati ya meza, na moyo wake ukajaa mpaka sauti ikatetemeka. Aliinamisha hata kipaji cha uso kidogo, ili kumrahisishia kazi.

Kostansia alimpita kama mtu anavyopita nguzo. Akazunguka dramu, akamshika yule bwana kisogoni kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akamfuta uso mzima, pamoja na masikio.

Hakuna mtu aliyekuwa amemweleza mpiga dramu mila za Warundi. Kijiti kimoja kiliruka kikatua kwenye sahani ya viazi ya mteja. Besi ikasita, piano ikasita, na tarumbeta ikabaki peke yake hewani na noti isiyokuwa na mwenyewe. Halafu kukawa kimya. Meza tatu za mbele zilipiga makofi kwa nguvu, kwa sababu walivyoona wao kila kitu kilikuwa kimekwenda kama inavyotakiwa.

Baadaye Medard alimkuta mama yake karibu na mlango wa jikoni, akimwomba mhudumu sabuni afue leso.

"Yule mtu alikuwa analowa," Kostansia alisema kabla hajaulizwa. "Mtu analowa vile, utamwacha?"

Medard alisema gari linasubiri.

Mzee Tolliver hakufoka. Alimweleza kwamba anampenda, na kwamba hatamwita tena. Alimpa namba ya dada yake aliyeko Buffalo, Lorraine, mpiga besi mwenye bendi yake. Alisema Lorraine ana subira, na kwamba yeye mwenyewe alizaliwa na kiasi fulani cha subira na leo mchana imekwisha.

Huko Buffalo Medard alikwenda kwa aibu zaidi kuliko kwa hamu. Alipata kazi kiwandani na chumba West Side, katika nyumba ya mbao iliyolia kila upepo ulipovuma, na chumbani humo akakaa na Aganze, Mkongo wa Bukavu aliyetunza wazee kwa siku za kazi na kupiga gitaa la besi kanisani siku za ibada. Mama alipopiga simu walizungumza habari za theluji, afya, na bei ya unga. Tarumbeta haikutajwa. Kila mmoja aliizunguka kama shimo la njiani, na simu ilipokatika Medard alikaa nayo mkononi akiwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na huzuni ambayo hakutaka kuipa jina.

Bi Lorraine alikuwa ameendesha basi la mji maisha yake yote mpaka akastaafu. Bendi yake ilipiga Jumapili alasiri katika ukumbi mdogo wa East Side, wakati watu wametoka makanisani na bado wamevaa vizuri. Siku ya kwanza alimwacha Medard apulize mpaka achoke. Kisha akaegemeza besi yake ukutani.

"Unaondoa gari kabla watu hawajakaa," alimwambia.

Medard hakuelewa, naye Bi Lorraine hakuharakisha kumwelewesha. Alimwambia tu kwamba miaka yote ile hakuna bibi aliyeanguka ndani ya basi lake, kwa sababu hakukanyaga mafuta mpaka ameona kiooni kwamba yule bibi amekaa, mkoba uko mapajani, na mambo yake yote yametulia. Abiria wenye haraka walimtukana. Aliwaacha watukane. Kisha akampa Medard wimbo wa taratibu alioutunga mwenyewe, usio na jina, wenye noti chache za kutia huruma, akamwagiza apige huo tu mpaka atakapoambiwa vinginevyo.

Kwanza Medard aliuona unachosha. Baadaye aliuona mgumu. Ukipiga noti nyingi hakuna anayeikagua hata moja, lakini noti tatu zikikaa peke yake zinaonekana utupu wao wote. Alijifunza kunyamaza, na alipojifunza kunyamaza akaanza kusikia mambo: mpiga dramu wa Buffalo, bwana mwembamba mwenye miwani, akisugua ngozi kwa brashi, Bi Lorraine akivuta uzi mmoja na kuuacha ufe wenyewe. Siku moja aligundua kwamba yeye hakuwahi kumsikia yule mpiga dramu wa Columbus hata kidogo, ila alimsikia pale tu aliponyamaza. Siku hiyo aliona aibu ya kweli, si ile ya kuona mama anamfuta mtu mwingine.

Majira ya baridi Aganze alitangaza kwamba anamwoa Gentille, binti wa Kikongo wa kanisani kwao. Kwa kuwa alishazoea kumsalimia Kostansia kwenye simu na kumwita mama, alimwalika. Kostansia alikuja wiki nzima kabla, maana harusi haipikwi na watu wanaofika siku ya harusi. Jumapili ikaingia katikati. Baada ya ibada alimwona mwanawe amebeba mkoba wa tarumbeta, akamuuliza anakwenda wapi nao. Medard alisema kazini. Kostansia alisema basi atakwenda akamwone akiwa kazini, na akaanza kuvaa koti.

Aganze, aliyejua habari zote za Columbus kwa sababu Medard alimsimulia na kisha akajuta, alimvuta jikoni.

"Bon, wee mupigie wimbo ya kanisa," alinong'ona. "Moja tu. Ataamuka hapohapo, na leso yake. Donc, mambo imeisha."

"Hapo atakuwa amemwinukia Yesu," Medard alisema. "Hatakuwa ameniinukia mimi."

Aganze alisema Warundi wanapenda kujitesa, akaenda kuwasha gari.

Ukumbini Kostansia aliketi meza ya nyuma kabisa, karibu na kipasha joto, kwa sababu ya goti. Aliomba chai. Haikuwapo. Akaletewa maji ya moto yenye kipande cha limau, akayatazama, akayanywa. Hakuvua koti. Mkoba wa Biblia aliuweka mezani mbele yake, umefungwa. Medard alipima kwa macho kutoka meza ile mpaka jukwaani, akaona ni mbali, na kati yake kuna viti, meza, makoti ya watu na ngazi moja. Akajiambia asitegemee kitu. Halafu akategemea.

Mpiga dramu alimuuliza kwa sauti ya chini kama yule ndiye mama mwenyewe. Medard aliitikia. Mpiga dramu alivua miwani akaiweka mahali salama.

Walianza na nyimbo nyingine, na Kostansia hakutikisika. Kisha Bi Lorraine akaanza ule wake usio na jina. Medard aliingia na noti tatu, akanyamaza. Watu waliacha kugonganisha vikombe. Akaziweka tena zilezile, chini kidogo, akanyamaza tena. Hakukata kichochoro chochote. Palikuwa na mahali, kabla wimbo haujageukia sehemu ya pili, ambapo noti moja ndefu huuliza na haijibiwi. Alipofika hapo alifungua macho.

Kostansia alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya meza. Hivyo ndivyo alivyoinuka siku hizi: mikono kwanza, kisha mguu mzima, kisha ule mwingine kwa kubembelezwa.

Wimbo ulitakiwa kugeuka. Medard hakuugeuza. Alirudi kwenye noti zake tatu. Bi Lorraine alimtupia jicho, akafuata alikokuwa akitazama, akaona, na vidole vyake vikazunguka palepale bila kwenda popote. Brashi nazo zikazunguka palepale.

Kostansia alikuja. Aliomba samahani kwenye kila meza, kwa Kiswahili, na kila meza ilisogeza makoti yake. Kwenye ngazi alisimama, akaitazama kama adui wa zamani, akashika bega la mteja asiyemjua akapanda. Medard alipuliza noti tatu, akasubiri, akapuliza noti tatu. Hakuna kitu alichowahi kupiga taratibu namna hiyo maishani mwake. Mama alifika jukwaani upande wa dramu, na mpiga dramu, mtu mwenye heshima zake, akainua kidevu. Kostansia alimpa tabasamu la salamu akampita.

Akasimama mbele ya Medard. Leso aliyokuja nayo mkononi ilikuwa imepigwa pasi, mikunjo yake bado imenyooka. Akaiinua, kisha akasita, kwa sababu kipaji cha uso cha mwanawe kilikuwa kikavu kabisa. Ukumbi ule ulikuwa na baridi na wimbo ule hautoi jasho. Kostansia alikikagua kipaji hicho upande huu na upande huu kama mtu aliyeambiwa chungu kimechemka akakuta maji yametulia. Halafu akamfuta hivyohivyo. Alimfuta kipaji, akamfuta mashavu, akamfuta na chini ya kidevu, kwa nguvu zilezile za ghalani, mpaka tarumbeta ikamtoka Medard mdomoni.

Maji yalidondoka kutoka kwenye kitundu cha tarumbeta yakatua jukwaani kati ya viatu vyao. Kostansia aliyaona. Alishika mkono wa mwanawe, akalishusha lile goti polepole hadi chini, akayafuta kwa leso ileile, na Medard akamwinua.

"Haya," alisema, akiikunja leso. "Endelea."

Medard hakuweza kuendelea. Mdomo wa mpiga tarumbeta una kazi moja, na wa kwake wakati huo ulikuwa unafanya nyingine. Alisimama na chombo chake kifuani, machozi yakimtiririka pale palipotoka kufutwa, na hakuona haya hata kidogo.

Kostansia alishuka ile ngazi, akarudi meza kwa meza, samahani kwa samahani. Bi Lorraine aliendelea kuzunguka palepale, akimfuata kwa macho. Alimwona akivuta kiti. Alimwona akikaa, akilitandaza koti, akiuweka mkoba wa Biblia mapajani na kuufunga. Kisha akamwitikia Medard kwa kichwa, na Medard akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akaugeuza wimbo.